Umeugua Katikati ya Muhula: Jinsi ya Kulinda Nafasi Yako Kwenye Mtihani

Vyuo vikuu vingi vya Tanzania humtaka mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 75 ya vipindi ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Kenya kiwango kinachotumika sana ni theluthi mbili. Karatasi ya mahudhurio haina safu ya mgonjwa na safu ya mtoro. Saini ikikosekana, imekosekana. Kinachowatenganisha watu hao wawili ni nyaraka, na nyaraka yenye nguvu ni ile iliyoandikwa wakati ugonjwa ungali mwilini.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia siku unayougua, hauanzii siku unayorudi darasani. Wengi wanaoishia kukataliwa si waongo. Waliugua kweli, wakapona, wakarudi kimya kimya wakidhani mambo yamekwisha, hadi wiki moja kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, walipokuta majina yao hayamo kwenye orodha. Hapo ndipo wanapoanza kutafuta cheti cha ugonjwa wa miezi miwili iliyopita.

Nimelenga zaidi vyuo vya Tanzania. Kama unasoma Kenya au Uganda, majina ya ofisi yatabadilika lakini njia inafanana sana.

Toa taarifa ukiwa bado kitandani

Siku ya kwanza au ya pili, watu watatu wajue: CR wako (kiongozi wa darasa), mwalimu wa kila somo unalokosa, na mshauri wako wa taaluma kama idara imekupangia. Kama umelazwa, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi nayo ijulishwe. Huna haja ya maelezo marefu. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo Dokta. Naitwa (jina), namba ya usajili (namba), mwaka wa pili. Tangu jana nimelazwa hospitali ya (jina). Sitaweza kuhudhuria vipindi vya wiki hii wala testi ya Alhamisi. Nitawasilisha cheti mara nitakaporuhusiwa."

Mwalimu mtumie kwa baruapepe, na kama chuo kimekupa anwani yake, tumia hiyo. WhatsApp inafaa kwa CR, lakini simu huibiwa na meseji hufutika. Baruapepe inabaki na tarehe yake. Kama huwezi kushika simu, mwenzako wa chumbani au mzazi aandike kwa niaba yako na ataje kwamba anaandika kwa niaba yako. Hakuna chuo kinachomlaumu mama kwa kumsemea mwanawe aliye wodini.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote katika hatua hii: usimruhusu rafiki akusainie. Najua huwa ni upendo. Anaona unaumwa, karatasi inapita mbele yake, anaweka saini yako. Lakini fikiria faili lako litakavyosomeka baadaye: cheti cha hospitali kinasema ulilazwa kuanzia tarehe 4 hadi 11, na karatasi ya mahudhurio inaonyesha ulikuwa darasani tarehe 6 na 9. Nani atakiamini cheti chako tena? Msaada wa rafiki umekigeuza kielelezo chako cha kweli kuwa cha mashaka, na nyote wawili mnaweza kuitwa kwenye kamati ya nidhamu. Mwambie CR mapema kwamba jina lako liachwe wazi.

Usitoke hospitali bila karatasi kamili

Kwa ugonjwa wa siku chache daktari huandika ED, yaani karatasi ya mapumziko. Kwa aliyelazwa kuna muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini. Zote ziangalie kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu kurudi baadaye kumtafuta daktari aliyekuwa zamu ni kazi ya siku nzima. Ziwe na jina lako kama lilivyo kwenye usajili wa chuo, tarehe uliyoonwa, tarehe mapumziko yanapoanza na yanapoisha, jina na saini ya daktari, na muhuri wa kituo. Namba ya usajili wa daktari katika Baraza la Madaktari Tanganyika ikiwemo, ni bora zaidi.

Suala la jina lisikupite. Kuna waliosajiliwa chuoni kwa majina matatu na kadi ya bima ina mawili, tena ya pili imeandikwa kwa herufi tofauti. Omba lirekebishwe palepale.

Wanafunzi wengi wakipata malaria huenda duka la dawa, hununua dawa mseto, humeza dozi ya siku tatu na kupona. Kiafya ni heri wangepimwa kwanza. Kitaaluma tatizo ni kwamba risiti ya duka la dawa haithibitishi kwamba wewe ndiye uliyeumwa, wala kwamba ulihitaji kupumzika. Kama kuna testi wiki hiyo, nenda zahanati ya chuo hata kama unaijua dawa yako.

Ukitibiwa mbali na chuo, labda ulirudishwa nyumbani Songea au Bukoba, ukifika chuoni peleka nyaraka halisi kwa Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya cha chuo. Vyuo vingi havitambui cheti cha nje mpaka ofisi hiyo ikithibitishe. Baki na nakala, na picha yake uihifadhi kwenye baruapepe yako.

Usimwombe daktari arudishe tarehe nyuma. Daktari mwaminifu anaandika alichokiona siku alipokuona. Anachoweza kufanya kwa uhalali ni kuandika kwamba mgonjwa anaeleza dalili zilianza tarehe fulani na kwamba hali aliyoikuta inaendana na maelezo hayo. Cheti cha kununua ndicho kibaya kuliko vyote: chuo hupiga simu hospitalini, hulinganisha namba ya faili, na kosa linageuka kutoka utoro kuwa kughushi, jambo ambalo ni jinai.

Na kama ugonjwa wenyewe hutaki ujulikane na kila karani? Mwombe daktari aandike kwamba ulikuwa chini ya matibabu na hukuweza kuhudhuria masomo kati ya tarehe fulani na fulani, bila kutaja ugonjwa. Maelezo ya kina yabaki kwa Mganga Mfawidhi wa chuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Hakuna sababu ya CR wala mwalimu wa semina kujua kwamba unahudhuria kliniki ya akili au unatumia dawa za kufubaza virusi.

Piga hesabu kabla ya kupaniki

Chukua somo lenye saa 3 kwa wiki katika muhula wa wiki 15. Jumla ni saa 45. Asilimia 75 yake ni saa 33.75, kwa hiyo unahitaji 34, na unaweza kukosa 11. Ukikosa wiki mbili umebaki na saa 39, karibu asilimia 87. Wiki tatu: saa 36, asilimia 80. Wiki nne: saa 33, asilimia 73, na hapo umeshuka chini ya mstari. Kwa chuo cha theluthi mbili, hata wiki tano zinakuacha na saa 30, yaani kwenye mstari wenyewe.

Kwa hiyo malaria ya siku nne au taifodi ya wiki mbili peke yake haikufungii mtihani. Kinachowaangusha watu ni ugonjwa ukichanganyika na vipindi walivyokwisha kukosa kwa uzembe mwanzoni mwa muhula. Yule aliyeruka vipindi vya Ijumaa jioni kwa mwezi mzima ameshatumia akiba yake siku anapougua kweli.

Kuna mitego miwili kwenye hesabu hii. Wa kwanza: baadhi ya idara huhesabu vipindi vilivyofanyika, si vilivyopangwa. Mwalimu akisafiri na kufundisha wiki 12 tu, jumla inakuwa saa 36. Wiki tatu ulizokosa, ambazo zilikuwa zinakuacha na asilimia 80, sasa zinakuweka kwenye 75 kamili. Ukikosa saa moja zaidi umekwisha. Uliza idara yako inahesabu ipi.

Wa pili ni maabara na semina. Hizi mara nyingi huhesabiwa peke yake, na idadi yake ni ndogo. Maabara zikiwa 10 na ukakosa 3, una asilimia 70, ingawa mihadhara yote umehudhuria. Kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi walioko wodini kwa mazoezi hali ni kali zaidi, kwa kuwa siku za mazoezi kwa kawaida hufidiwa siku kwa siku. Cheti kinakuondolea adhabu lakini hakikupi ujuzi ambao hukuupata kwa mgonjwa. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki. Kitu cha kuomba hapo ni ratiba ya kufidia, na uiombe kabla kundi lako halijahamia idara nyingine.

Barua, na njia inayopitia

Ukiweza kutembea, andika barua. Usisubiri wiki ya mtihani. Kanuni za chuo chako zinaweza kuwa zimeweka siku maalumu za kuwasilisha cheti tangu upone, na siku hizo ni chache, kwa hiyo fungua kitabu cha kanuni za mitihani usome mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya kwenye kundi la darasa.

Vyuo vyetu vingi huandikiana kwa Kiingereza. Andika kwa lugha ya chuo chako. Mpangilio ni huuhuu:

Amidi wa Shule Kuu / Kitivo cha …
Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya …

YAH: KUTOHUDHURIA MASOMO KWA SABABU YA UGONJWA KUANZIA TAREHE … HADI …

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa … katika programu ya …, namba ya usajili …. Katika tarehe zilizotajwa nilikuwa nikitibiwa katika hospitali ya …. Nilitoa taarifa kwa walimu wa masomo husika tarehe ….

Masomo niliyoyakosa ni: (msimbo wa somo, idadi ya vipindi, testi au maabara iliyofanyika).

Ninaomba (1) vipindi hivyo vitambuliwe kuwa nilivikosa kwa sababu ya ugonjwa. (2) nipangiwe testi ya somo …. (3) nipangiwe maabara ya ….

Naambatanisha: cheti kilichothibitishwa na Mganga Mfawidhi wa chuo, muhtasari wa kuruhusiwa, na nakala ya taarifa niliyowatumia walimu.

Kinachofanya barua kama hii ijibiwe ni ombi lililo wazi. Barua nyingi za wanafunzi husimulia maumivu ukurasa mzima, kisha zinaishia "naomba msaada wenu". Mkuu wa Idara anaisoma na hajui afanye nini. Ukimtajia msimbo wa somo na kitu unachokitaka, anaandika maelekezo pembeni na kuipeleka mbele.

Peleka mwenyewe masjala ukiwa na nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo. Nakala hiyo itunze kama unavyotunza cheti cha kidato cha sita. Zikipita siku kadhaa bila jibu, rudi kwa adabu ukaulize faili liko meza gani. Makatibu muhtasi wa idara ndio wanaojua. Wasalimie vizuri, wamesaidia wengi.

Testi uliyoikosa

Hili ndilo jeraha la ugonjwa mfupi. Malaria haikugusi kwenye asilimia 75, lakini ikiangukia siku ya testi inaweza kukugharimu kuliko mwezi wa kulazwa. Pale ambapo alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho 60, testi ya alama 15 ukiikosa unaanza safari ukiwa na 25. Na kama chuo kinadai angalau asilimia 40 ya alama za muhula, unahitaji 16 kati ya hizo 25, vinginevyo mtihani wenyewe huufanyi.

Mwone mwalimu ndani ya wiki uliyorudi. Mpe nakala ya cheti, uliza tarehe, kisha mwandikie baruapepe ya kumshukuru ikitaja mlichokubaliana. Baadhi ya walimu hupendekeza kwamba alama za testi ya pili ndizo zihesabiwe mara mbili. Likubali kama kanuni zinaruhusu na kama limeandikwa. Ahadi ya mdomo kwenye korido husahaulika, naye mwalimu anaweza kwenda masomoni kabla ya matokeo kutoka.

Ukiugua wakati wa UE

Hapa kuna kanuni moja ambayo karibu kila chuo kinayo: ukishaingia kwenye chumba cha mtihani ukaufanya, huwezi kugeuka baada ya matokeo na kusema ulikuwa mgonjwa. Kwa hiyo amua kabla ya kuingia. Kama una homa ya kushindwa kusoma swali, nenda zahanati ya chuo asubuhi hiyo, chukua cheti, na omba kuahirisha mtihani huo. Ukizidiwa ukiwa ndani, nyoosha mkono, mwambie msimamizi, na hakikisha tukio limeandikwa kwenye ripoti yake kabla hujapelekwa hospitali.

Aliyeahirisha kwa kibali hufanya mtihani maalumu, ambao mara nyingi hupangwa kipindi kimoja na sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli. Watu huchanganya vitu hivi viwili, na tofauti yake ni kubwa. Mtihani maalumu unahesabika kama mara ya kwanza: ukipata A, unaandikiwa A. Sapu katika vyuo vingi hata uifaulu vipi matokeo huandikwa C. Kwenye mfumo wa pointi 5, A ni pointi 5 na C ni 2. Yule anayejikaza kuingia na homa akitarajia atasahihisha kwa sapu anaacha pointi tatu mezani kwa kila somo, wakati njia ya halali ilikuwa wazi.

Wasioingia kwenye mtihani bila kibali wala taarifa huhesabiwa kuwa wameukacha, na adhabu yake inaweza kufika kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Pale ambapo kuahirisha muhula ndiko kuna heri

Kama hesabu imekushusha chini ya mstari kwenye masomo mengi, au matibabu yenyewe ni marefu, usishindane. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi 6, na wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kuambukiza wenzake bwenini. Mguu uliovunjika, upasuaji mkubwa, sonona iliyokufanya ushindwe kutoka kitandani: haya yanataka muda. Kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa hakuhesabiki kuwa kufeli. Kufanya mitihani mitano ukiwa nusu mtu kunaweza kukupa sapu tano, na sapu zikizidi kikomo unadisko kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona kwenye faili.

Ombi huenda kwa njia ileile ya Idara na Amidi, likiwa na pendekezo la Mganga Mfawidhi, na liende kabla mitihani haijaanza. Subiri kibali cha maandishi ndipo uondoke. Aliyeondoka bila kibali huonekana ameacha masomo.

Kabla hujapanda basi, kuna mambo ya fedha. Ofisa mikopo wa chuo ajue, kwa sababu Bodi ya Mikopo hulipa kwa wanaosoma. Ukiahirisha, malipo husimama, na ukirudi utahitaji barua ya chuo inayothibitisha umeendelea ili yafunguliwe. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) lililoingia ukiwa wodini bila kulisaini linaweza kurudishwa Bodi, kwa hiyo uliza mapema. Uliza pia ada uliyokwisha kulipa itahamishwaje, chumba cha bweni, na bima: mwanafunzi asiyesajiliwa muhula huo anaweza kujikuta kadi haifanyi kazi wakati ambapo anaihitaji kuliko wakati wowote. Nimeona wazazi wakishughulikia mambo haya vizuri kuliko watoto wao. Mshirikishe baba au mama, au mjomba anayekulipia. Wanayo haki ya kujua, na watakuuliza hata hivyo.

Mwenye ugonjwa unaorudi

Selimundu, pumu, kifafa, kisukari, vidonda vya tumbo vikali: hawa hawakosi wiki nne mfululizo, hukosa siku mbili hapa na tatu pale, na kila mara kutafuta cheti kipya ni mateso. Tanzania huzaliwa watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi zaidi siku hizi wanafika chuo kikuu. Kama wewe ni mmoja wao, mwanzoni mwa mwaka peleka barua ya daktari wako wa kliniki kwa Mganga Mfawidhi na kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikieleza hali yako na kwamba utaugua ghafla. Faili likishafunguliwa, kila tukio linaongezewa karatasi moja fupi. Omba pia chumba cha chini na kilicho karibu na madarasa. Ni ombi la kawaida, si upendeleo.

Jina limekatwa tayari

Usiende na kundi la marafiki kugombana na mwalimu. Omba kwanza kuona karatasi za mahudhurio, kwa sababu makosa ya kuandika namba yapo, na mwenye namba inayofanana na yako anaweza kuwa amepewa saini zako. Tengeneza jedwali: tarehe, kipindi, ulikuwa wapi, kielelezo kipi. Andika rufaa kwa Mkuu wa Idara, nakala kwa Amidi na kwa Mshauri wa Wanafunzi, ukiambatanisha nakala ya barua ile yenye muhuri wa masjala. Serikali ya wanafunzi ina waziri au kamishna wa elimu anayejua milango ya kubisha, mtumie.

Muda ndio adui hapa. Maamuzi ya mwisho ya mitihani yako mikononi mwa Seneti, nayo haikai kila wiki. Ukipata kibali siku moja kabla ya mtihani, nenda nacho mwenyewe ofisi ya mitihani na uhakikishe namba yako imeingizwa kwenye orodha ya chumba husika, kisha chukua nakala ya kibali uingie nayo, kwa sababu msimamizi wa mlangoni anafuata orodha aliyopewa asubuhi.